Kamera ya mfukoni na faili linaloganda: tatizo si laptop yako

Swali kutoka kwa msomaji wa Kirumba, Mwanza:

"Shikamoo mtaalamu. Nina kamera ndogo ya mfukoni ya bei nafuu. Narekodi wavuvi na wafanyabiashara Mwaloni, abiria wa kivuko cha Kamanga, na wikiendi napata kazi za send-off. Laptop yangu ni i5 yenye RAM ya GB 8. Nikianza kuhariri inaganda kila nikisogeza klipu. Hotuba ndefu sauti inaachana na midomo. Shughuli moja inatoka vipande vinne. Ukumbini kuna mistari ya giza inayopanda kwenye picha, na maji ya ziwa yanakuwa viboksi viboksi. Halafu betri iliisha katikati ya send-off, na faili la GB 1.6 sasa halifunguki kabisa. Ninunue laptop mpya?"

Marahaba, dada. Laptop usinunue kwanza. Karibu kila ulichokitaja kinaanzia ndani ya kamera, na mengi yanatibika kabla hujafungua programu ya kuhariri. Ila lililo la haraka ni hilo faili lililokufa, kwa sababu bado linaweza kupona na bado linaweza kuharibiwa.

Toa kadi kwenye kamera, na usirekodi chochote tena juu yake. Ikiwa unatumia adapta ya SD, sukuma kile kikufuli cha pembeni ili isiandikike. Kompyuta ikikuuliza kama itengeneze kadi, kataa. Ukarabati huo hutengeneza mpangilio wa kadi bila kujali video yako, na unaweza kulikata faili. Nakili faili kwenda kwenye diski, kisha fanya kazi na nakala.

Kilichotokea ni hiki. Kamera inaporekodi MP4, picha na sauti huandikwa kwenye kadi mfululizo, lakini jedwali linaloonyesha kila fremu iko wapi huandikwa mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikifa kabla ya hapo, GB 1.6 zako zipo zote, ila hakuna programu inayojua pa kuanzia kusoma. Kamera nyingine hujirekebisha zenyewe: ukishapata nakala, fungua kikufuli, rudisha kadi kwenye kamera yenye betri iliyojaa, washa, usubiri uone kama itatoa ujumbe wa kutengeneza faili. Isipofanya hivyo, tafuta programu ya bure iitwayo untrunc. Inahitaji faili zima lililorekodiwa na kamera hiyo hiyo kwa mipangilio ile ile: ukubwa ule ule wa picha, idadi ile ile ya fremu, ubora ule ule. Weka kadi nyingine, rekodi dakika moja au mbili, kisha amri ni hii:

untrunc zima.mp4 bovu.mp4

Itasoma muundo wa faili zima na kuutumia kujenga jedwali la lile bovu. Tegemea kupoteza sekunde chache za mwisho, na pengine sauti itahitaji kusogezwa kidogo. Kama faili lingekuwa linaonyesha ukubwa wa sifuri, untrunc isingesaidia. Hapo ingebidi kuichimba kadi nzima kwa PhotoRec, na video ndefu hutoka humo vipande vipande. Lako lina GB 1.6, kwa hiyo lina nafasi nzuri ya kupona.

Kuanzia sasa, kwenye shughuli usiache kamera ikirekodi mfululizo kwa saa nzima. Simamisha na kuanza upya kila baada ya dakika 20 hivi, pale MC anapopokea maiki kutoka kwa mzungumzaji mmoja kumpa mwingine. Sekunde mbili zikipotea hapo hakuna atakayezitafuta, na betri ikifa unabaki na hatari ya kipande kimoja tu.

Sasa kuganda. Kamera hizi hubana picha kwa mtindo wa H.264, wakati mwingine H.265. Ili faili liwe dogo, kamera haiandiki kila fremu nzima. Huandika fremu moja kamili, kisha kwa nusu sekunde au hata sekunde mbili zinazofuata huandika tofauti tu: kilichosogea na kilichobadilika. Kwa kutazama ni mpango mzuri, maana mtazamaji huenda mbele tu. Wewe unayehariri unaruka huku na huko. Ukisimama kwenye fremu ya 40, kompyuta inalazimika kurudi kwenye ile kamili iliyo nyuma na kuzijenga zote za katikati ndipo ikuonyeshe hiyo moja. Ukivuta nyuma taratibu, hurudia kazi hiyo kila mara. Hapo ndipo i5 yako inapokata pumzi, na hata laptop ya bei mara mbili huenda ingepunguza tu kuganda huko bila kukuondoa.

Dawa ni kubadilisha mafaili kabla ya kuyakata. Watu wengi watakuambia utengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, kisha programu irudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa kazi. Proksi inaondoa kuganda, lakini haigusi tatizo lako la pili la sauti kuachana na midomo, kwa sababu faili halisi linabaki na ugonjwa wake. Kwa kamera ya aina yako nashauri ubadilishe faili lenyewe, moja kwa moja.

Kwanza pakua MediaInfo, ni ya bure, na ufungue klipu moja ya ukumbini. Tafuta mstari wa Frame rate mode. Ukiona neno Variable, umeshampata mchawi. Kamera ya bei nafuu ikiingia kwenye mwanga hafifu huacha kila fremu ikae muda mrefu ili ipate mwanga wa kutosha, na fremu 30 kwa sekunde hushuka hadi 24, 20 au chini zaidi, kisha hupanda tena taa zikiwaka. Sauti haibadiliki, inaenda kwa mwendo wake ule ule. Programu ya kuhariri inaweza kuichukua klipu kana kwamba ina fremu 30 zilizo sawa mwanzo hadi mwisho, ikazipanga fremu kwa mwendo huo, na picha ikakimbia mbele ya sauti. Ndiyo maana mwanzo wa hotuba ni sawa kabisa na mwisho wake mzee anafunga mdomo huku bado anasikika.

Fungua HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video. Kwenye ukurasa wa Video chagua kodeki ya x264, weka fremu kwenye kiwango ambacho kamera ilikusudia (MediaInfo ikikuonyesha kilele cha 30, weka 30), kisha chagua Constant Framerate. Hilo ndilo la msingi kuliko yote. Ubora, RF, weka 16 hadi 18. Kasi weka Very Fast, na uweke alama kwenye Fast Decode. Kwenye kisanduku cha maelekezo ya ziada andika keyint=12, ili kuwe na fremu kamili angalau moja kila fremu 12; hapo ndipo kuvuta huku na huko kunakuwa kwepesi. Sauti weka AAC ya 320 kbps kwa sampuli za kHz 48. Halafu nenda kwenye ukubwa wa picha na uzime ukataji wa kingo. HandBrake hujikatia yenyewe kingo inazodhani ni nyeusi, na klipu za usiku za mitumbwi ya dagaa hutoka zimepunguzwa bila wewe kuomba.

Mafaili mapya yanaweza kuwa makubwa mara mbili au tatu kuliko ya kamera. Ni sawa, utayafuta kazi ikiisha. Ya kamera ndiyo ya kutunza. Weka foleni ya klipu zote jioni, uache laptop ikiwa kwenye chaji, ukalale.

Kwa RAM ya GB 8 tumia Shotcut au Kdenlive. DaVinci Resolve ni programu kubwa na nzuri, lakini kwa mashine hiyo itakutesa. Shotcut yenyewe hukuonya ukiingiza klipu yenye fremu zisizo sawa na kujitolea kuibadilisha, kwa hiyo ukisahau hatua ya HandBrake kuna wa kukukumbusha. Na kamwe usihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Nakili kwenye diski, kila siku folda yake yenye tarehe, kwa sababu kamera hizi betri ikiisha kabisa hurudisha tarehe ya kiwandani, na ukiformati kadi huanza tena kuhesabu majina kutoka namba moja. Mafaili mawili yenye jina moja kwenye folda moja ni msiba unaosubiri.

Kuna uachanaji mwingine wa sauti unaofanana na huo lakini chanzo chake ni tofauti. Ukirekodi hotuba kwa simu iliyowekwa karibu na spika, kisha ukaioanisha na picha, zitaachana hata kama fremu ziko sawa kabisa. Saa ya ndani ya kamera na ya simu hazilingani. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kwa saa moja utapata tofauti ya sekunde 0.18, ambayo kwa fremu 25 ni fremu nne na nusu. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni, kisha pima. Tuseme baada ya dakika 60 sauti imetangulia fremu 6. Usihangaike kuivuta sauti kwa asilimia. Marekebisho unayohitaji ni chini ya asilimia 0.01, na programu nyingi hazikubali namba ndogo kiasi hicho. Ikate sauti kwenye vituo vya mzungumzaji kila dakika 10 na uicheleweshe yote iliyobaki kwa fremu moja. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa sauti kuchelewa. Mtazamaji huanza kuhisi sauti inapotangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa huvumilia hadi 125. Ni jambo la maumbile: tumezoea radi kufika baada ya mwanga wake.

Vile vipande vinne. Kadi zilizopangwa kwa FAT32 haziwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo kamera hufunga faili na kufungua jingine. Kwa megabiti 24 kwa sekunde, hiyo ni karibu dakika 24. Kama vipande vyako ni vifupi zaidi, dakika 3 au 5, tafuta kwenye menyu Loop Recording na uizime. Hiyo ni ya kamera za magari, na kadi ikijaa hufuta vya mwanzo. Ukivipanga vipande kwenye programu kimoja baada ya kingine utasikia mkwamo mdogo kwenye maungio. Viunge kwanza kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi, bila kubana upya. Tengeneza faili la maandishi liitwalo orodha.txt, kila mstari uwe hivi:

file 'VID_0012.MP4'

Kisha amri:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mp4

Unga kwanza, badilisha na HandBrake baadaye. Kama bado kuna mruko, kamera yako ilipoteza fremu ilipokuwa ikifungua faili jipya na hazirudi tena. Funika hapo kwa picha ya wageni wanaopiga makofi. Mpiga picha wa shughuli asiye na dakika tano za picha za kufunikia atahangaika kila kazi.

Mistari ya giza ukumbini inatokana na umeme. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa nyingi za tyubu na LED za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Kamera yako imetoka kiwandani ikiwa kwenye fremu 30, na 100 haigawanyiki kwa 30. Kila fremu inalikuta wimbi la mwanga mahali tofauti, ndipo mistari inapotembea. Ingia kwenye menyu, badilisha 60Hz kuwa 50Hz au NTSC kuwa PAL, na rekodi fremu 25. Kama kamera inakubali kupangiwa shata, weka 1/50 au 1/100. Ukumbini wenye jenereta, hata hivyo, mistari inaweza kubaki, maana jenereta haishiki 50 sawasawa.

Kwa kazi uliyokwisha kurekodi kwa 30, hesabu inakusaidia. Kwenye fremu 30 wimbi hilo hujirudia kila baada ya fremu 3. Weka klipu ile ile kwenye njia tatu, ya pili isogezwe mbele fremu moja, ya tatu fremu mbili. Ya juu kabisa ipe opacity, yaani kiwango cha kuonekana, ya asilimia 33, ya kati 50, ya chini 100. Mistari hufutana yenyewe kwa kiasi kikubwa. Kwa ffmpeg ni kuweka -vf tmix=frames=3 kwenye amri isiyo na -c copy. Gharama yake ni kwamba kitu kinachokimbia huacha kivuli, kwa hiyo itumie kwenye hotuba na kukata keki, usiitumie wakati ukumbi mzima unacheza.

Na usiibadilishe kazi ya 30 kuwa 25 ili ilingane na mpya. Fremu moja kati ya kila sita itatupwa, na ukizungusha kamera taratibu kutoka kivukoni kuelekea mawe ya ufukweni, mandhari yote itaonekana inakwenda kwa kurukaruka. Mradi wa 30 uishe ukiwa 30.

Ziwa ndilo litakalokutesa zaidi, maana ni vitu vichache vilivyo vigumu kubana kama maji yanayomeremeta. Kumbuka kamera huandika kilichobadilika tu. Ukuta haubadiliki. Ziwa, kila wimbi na kila mmeto wa jua ni kipya katika kila fremu, na kamera yenye megabiti 24 haina mahali pa kuviweka vyote, basi hurahisisha picha kuwa vile viboksi. Hili halirekebishiki mezani. Linazuiwa wakati wa kurekodi. Zima fremu 50 au 60 kwa sekunde urekodi fremu 25: kwa megabiti 24 kila fremu hupata karibu megabiti 1, kwa fremu 50 hupata nusu. Zima 4K pia, kwa sababu kwenye kamera nyingi za bei hii ni picha ndogo iliyotanuliwa. Ukitaka uhakika, rekodi ubao wenye maandishi ya mbali kwa 4K na kwa 1080, kisha kuza zote mbili kwenye skrini. Kama herufi zinasomeka sawa, 4K yako ni ya jina tu. Shusha Sharpness hadi chini, maana kunoa huko huchora mpaka kuzunguka kila wimbi na kuongeza mzigo. Shusha mwanga kidogo (Exposure au EV kwenye menyu), -0.3 au -0.7, kwa sababu weupe uliokwisha kuungua hauna kitu ndani cha kurudisha. Na usijaze maji fremu nzima. Yaache yachukue theluthi.

Saa nayo inasaidia. Ziwa liko upande wa magharibi wa mji, kwa hiyo alasiri pale Mwaloni jua liko juu ya maji mbele ya lenzi, nyuso zinakuwa nyeusi na maji meupe, kamera ikipandisha na kushusha mwanga kila mtu akipita. Asubuhi jua liko mgongoni mwako. Boti na dagaa walioanikwa hutoka na rangi yao, na maji yanatulia kabla upepo wa mchana haujaamka.

Upepo huo wa ziwa ukivuma kwenye kitundu cha maiki, utasikia mngurumo, na kamera itashusha sauti nzima ili kuuzima, maneno yakazama nao. Kukata besi chini ya Hz 100 kunasaidia pale ambapo mngurumo haujafika kilele. Ukishapasua sauti, hakuna chujio la kuiponya. Bandika kipande kidogo cha manyoya bandia juu ya kitundu. Ukimhoji mtu, geuza mgongo wako ziwani ili mwili wako ukinge upepo, au mpe simu yenye maiki ya kubana kwenye kola aiweke mfukoni, na upige lile kofi. Kwenye boti ya mashine usiegemeze kamera kwenye ubao. Mtetemo wa injini hufanya picha iyumbe kama uji, na programu za kutuliza picha haziuondoi. Shika kwa mikono miwili, viwiko vikiwa huru.

Ukiwa na fedha ya laptop mkononi, nunua SSD ya nje ya USB 3, maiki ya kola, betri ya pili na kadi halisi ya U1, kisha ijaribu kadi kwa H2testw, programu ya kugundua kadi bandia, kabla ya kuipeleka kazini. Itabaki chenji kubwa.

Kazi ikiisha, toa H.264 ya 1080 kwa megabiti 10 kwa sekunde. Kwa WhatsApp itume kama hati, siyo kama video, isibanwe upya. Hati inaruhusiwa hadi GB 2. Mteja akitaka kwenye flash ya kuchomeka kwenye TV, epuka H.265, runinga nyingi za zamani haziifungui, na kumbuka flash nayo mara nyingi ni FAT32: dakika 50 kwa megabiti 10 ni GB 3.75, kwa hiyo send-off ya saa mbili igawe sehemu tatu, ukikata pale penye kibwagizo cha muziki.